Mshono wa Bo-han

Nani kakwambia nilikuwa na njaa? Huyo kakudanganya. Asubuhi ile nilikunywa bakuli mbili za uji wa samaki pale kona ya hekalu, tena na andazi la kukaanga juu yake. Ile pakiti niliila kwa wasiwasi. Mie nikiwa na wasiwasi mdomo lazima utafune kitu. Marehemu mke wangu alikuwa ananijua, ananiwekea mbegu za tikiti mfukoni. Siku ile mfuko ulikuwa mtupu, na pakiti iko mbele ya pua yangu, juu ya mashine.

Najua, najua. Mtu mzima wa Tainan, miaka sabini na nane, nakula pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi iliyowekewa mashine! Kwetu hata mtoto anajua ile si chakula, ni kinga. Inawekwa pale mashine itulie, iwe na adabu. Iwe ya kijani, tarehe yake isiwe imepita, na mtu asiifungue. Mie niliifungua. Nikaimaliza. Nikalamba vidole.

Lakini ngoja, nimeanza mkiani. Nianzie kichwani.

Mie shule niliishia darasa la tatu. Miaka arobaini nimechomelea meli kule Kaohsiung, macho yangu yakawa mekundu kama ya jogoo. Nina binti mmoja, Su-chin, ana duka la miwani. Mumewe alifariki mtoto wao ana miaka minne, wakahamia kwangu, nikawa babu na baba kwa pamoja. Mtoto huyo ndiye Wan-ju. Kasoma mpaka vitabu vikamwogopa. Kazi yake, kwa jinsi ninavyoielewa mie, ni kuliingiza tetemeko ndani ya kompyuta na kulitazama linavyolipinda jengo la chuma.

Usicheke. Chuma, mwanangu, ukikisukuma kidogo kinarudi kilipokuwa. Ukikizidishia, kinapinda, hakirudi tena, lakini hakijakatika. Hapo katikati, baina ya kupinda na kukatika, ndipo watu wanapopata nafasi ya kushuka ngazi na kuokoka. Wan-ju anaitafuta hiyo nafasi. Anaikata boriti kwenye kompyuta vijiraba vidogo kama wavu, kila kijiraba anakiuliza: wewe umeshachoka? Kilichochoka kinakuwa chekundu. Alinionyesha mara mia.

Na Bo-han? Bo-han ni mwanafunzi wangu. Alikuja karakana yangu ana miaka kumi na tisa, mkimya, mikono mikubwa. Nilimfundisha miaka saba. Mshono wake unalala kama magamba ya samaki, gamba juu ya gamba, huwezi kujua alipumua wapi. Basi Wan-ju alipotaka mtu wa kuchomelea boriti ya majaribio, mie nikamtuma Bo-han. Mie! Usimwambie Su-chin.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Wan-ju akamuuliza chuma kipashwe joto kiasi gani kabla ya kuchomelea. Bo-han akavua kofia, jasho linamtiririka, akamjibu. Wan-ju akaitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza tena. Swali lilelile! Mtu mwenye shahada tatu anauliza swali moja mara mbili, anaangalia mdomo, jibu halisikii. Nikajisemea, haya, moto umeshika.

Su-chin alipopata habari alinifuata uani, nimekaa na chai yangu.

"Baba, nasikia Wan-ju ana mtu."

"Ana mtu, si mzuka. Shukuru."

"Mchomeleaji."

"Kama mie."

"Ndiyo maana," akasema, akaingia ndani.

Maneno mawili tu. Yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilidhani ananionea haya.

Sasa, Su-chin mwanangu ana kawaida moja. Kila anayepita mlangoni anamuuliza, "Umeshakula?" Tarishi, mzoa taka, hata yule bwana aliyekuja kutukatia umeme kwa makosa. Ndivyo tunavyoamkiana sisi. Lakini Bo-han akija, miezi minne mizima, anamtazama kifuani kama anasoma bei, anasema, "Umekuja." Basi. Na yeye kijana anajibu, "Ndiyo, Mama, nimekuja," anabaki amesimama na viatu mkononi, hajui avivae au aviache.

Wangevumilia. Vijana wanavumilia mama wa watu. Kilichowagombanisha ni namba.

Boriti ile walikuwa wameikata kiuno. Kwa makusudi! Karibu na nguzo, wamechonga kingo zake mbili, ikawa imebana kama nyigu. Mie nilipoiona mara ya kwanza nilitukana. Unapunguza chuma kizima? Wan-ju akanieleza: boriti lazima ipinde mahali, basi tuichagulie sisi pa kupinda, mbali na mshono, mshono usije ukapasuka. Nikaelewa. Sikupenda, lakini nikaelewa.

Siku ya ugomvi Wan-ju anatuonyesha picha kwenye kompyuta, mie na Bo-han.

"Hapa pekundu?" Bo-han akauliza.

"Kiunoni. Hapo ndipo itapinda."

"Na hii nukta nyekundu ndogo, hapa kwenye nguzo?"

Wan-ju akajifanya anatafuta kalamu. "Mshono."

"Mshono wangu."

"Tukiitikisa boriti juu na chini, kompyuta inasema utapasuka duru ya thelathini na moja. Bo, ni nyingi hizo, wengi hawafiki..."

"Kompyuta iliuona wapi mshono wangu?"

"Haijauona. Nimetia namba ya mchomeleaji wa kawaida. Kitabu ndivyo kinavyotaka."

"Wa kawaida," akasema Bo-han, polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

"Si tusi, jamani!"

"Mama yako ananiona mtu wa kawaida, sikusema kitu. Sasa na wewe umeniandika."

Akachukua kofia yake akatoka. Wan-ju akabaki anaikodolea ile nukta nyekundu. Mie nikakohoa.

Wiki tatu hawakusemeshana. Bo-han anakuja anachomelea Wan-ju akiwa darasani, anaondoka kabla hajarudi. Mara kuna chupa ya chai ya moto imeachwa kwenye kiti, hakuna anayesema imetoka kwa nani. Mara kuna jozi ya glavu zimeshonwa vidole vilivyotoboka. Wanachunguliana kwa vitu, macho hayakutani. Ukiwauliza: "Babu, niache." "Mwalimu, niache." Nikawaacha.

Mwisho Bo-han akanifuata. "Mwalimu, nimepata kazi Keelung, kwenye meli. Ijumaa naondoka."

"Keelung? Kule mvua hainyamazi! Utaota kuvu."

"Alhamisi wanaijaribu boriti. Mshono ukipasuka duru ya thelathini na moja, naenda. Mtu hawezi kuoa kwenye nyumba ambayo mama kamkataa na kompyuta imemkataa."

"Na usipopasuka?"

Akajisugua jicho. "Sijathubutu kufikiria hapo."

Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kula vidonge vya unga wa mchele, ile siku fupi kuliko zote, ambayo ukila bakuli lako umeongeza mwaka mmoja. Nilitoka nyumbani mapema, nikasahau miwani. Su-chin akaniletea huko chuoni, maabara ya Wan-ju. Akasema anakaa dakika tano tu, unga kauacha umelowa. Akamuona Bo-han amesimama mlangoni. "Umekuja," akamwambia. Bo-han akainama.

Boriti imepakwa chokaa tupu, nyeupe kama bibi harusi wa Kizungu. Hiyo ni kazi ya werevu sana: chuma kikianza kupinda, chokaa inabanduka, unaona kwa macho yako pale kilipochoka. Wan-ju mwenyewe ana chokaa mpaka kwenye kope. Jeki mbili kubwa zikaanza kazi. Juu, chini. Hiyo duru moja. Juu, chini. Kila baada ya duru kadhaa wanaongeza nguvu.

Mie nimekaa kando ya mashine inayoziongoza jeki. Duru ya tano, namtazama Wan-ju: anatazama mshono. Namtazama Bo-han: anamtazama Wan-ju. Duru ya nane, Wan-ju anageuka, Bo-han anaangalia dari. Duru ya kumi na moja nikasikia kitu kinatafunika mdomoni mwangu. Mie sikumbuki kufungua, haki ya mke wangu.

Duru ya kumi na nne jeki zikakoroma, zikanyamaza.

Mafundi wakafungua kabati la mashine, wakapekua, hakuna kilichoungua, hakuna waya uliochomoka. Mkubwa wao, Profesa Gao, mtu wa hesabu tupu asiyeamini hata mvua mpaka imloweshe, akainua macho taratibu.

"Pakiti iko wapi?"

Mie nikafuta mdomo. Kumbe ndevu zote zina unga wa mahindi.

"Baba!" Su-chin akapiga kelele. "Baba, umekula pakiti ya mtoto!"

"Sikula yote," nikasema. Nilikuwa nimekula yote.

"Kisayansi," Profesa akasema, "haina maana hata kidogo." Mafundi wakaitikia, haina maana. "Lakini mie hiyo swichi siigusi."

Hakuna aliyeigusa. Bo-han akatoa funguo. "Nina pikipiki."

"Huyo atarudi na ya njano," Su-chin akasema. "Wanaume hawajui kununua. Ya njano si mashine itavunjika kabisa?"

"Basi nenda naye, Mama," akasema Wan-ju, anatazama sakafu.

"Mie? Nikae nyuma ya huyo?"

"Miezi minane nimekaa na boriti hii," Wan-ju akasema, na sauti ikamkatikia. Alipolia mara ya mwisho mbele yetu alikuwa na miaka sita. Su-chin akachukua kofia ya pikipiki bila neno.

Tukabaki wawili kwenye benchi, mie na mjukuu wangu.

"Nisamehe, mama."

"Babu, si pakiti." Anajikwangua chokaa kucha. "Namba ya chuma ninayo, nimekivuta kipande nikapima. Namba ya kiuno ninayo. Ya Bo sina. Nikaandika ya watu wote kwa sababu niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kumpa kubwa. Ningeandika kubwa, watu wangesema kampendelea mpenzi wake. Na ningekosea, jengo la kweli siku moja lingewaangukia watu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia kitabu ndivyo kinavyotaka."

"Mie darasa la tatu," nikamwambia, "lakini hata mie najua mwanamume hachumbiwi kwa kitabu."

Akacheka na machozi yake, akaniegemea bega. Tukakaa hivyo. Saa nzima ikapita, na nusu yake. Profesa anazunguka boriti mikono nyuma kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue.

Mara pikipiki hiyo. Su-chin akaingia kwanza, nywele zimesimama kama ufagio, pakiti ya kijani kaikumbatia kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya mashine, akaigeuza tarehe ionekane. Bo-han nyuma yake ana pakiti ya pili, akanipa mie mkononi. "Hii yako, Mwalimu. Ile usiiguse." Maabara nzima ikacheka. Mie sikucheka, maana nilikuwa nimeona kitu kingine. Kwenye mkoba wa Su-chin kulikuwa na kiazi. Kiazi kimoja, kikubwa, cha mviringo. Mtu anaenda kununua pakiti, anarudi na kiazi? Moyo wangu ukaruka.

Profesa akabonyeza. Jeki zikaamka, zina adabu kama watawa.

Duru ya ishirini na tano chokaa ikaanza kudondoka kiunoni, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Palepale penye wekundu wa picha ya Wan-ju, mstari kwa mstari, kama vile chuma kilikuwa kimeiona ile picha. Watu wakapiga makofi. Wan-ju hakupiga. Ishirini na tisa. Boriti inalia sasa, kilio cha chini, unakisikia kwenye meno. Thelathini. Bo-han amesogea bila kujijua, yuko bega kwa bega na Wan-ju. Nikaona kidole kidogo cha mmoja kimeshika kidole kidogo cha mwenziwe, na wote wawili wanajifanya hawajui.

Thelathini na moja. Juu. Hakuna mtu aliyepumua. Chini.

Mshono umetulia. Magamba ya samaki, hata moja halijainuka.

Thelathini na mbili. Thelathini na tatu kiuno kikajikunja, chuma kimepinda kama nguo iliyokunjwa, na mshono bado umeshika nguzo. Hapo Profesa akainua mkono, inatosha.

Wan-ju akaenda, akauwekea mshono kiganja. Ulikuwa na joto, nadhani. Akageuka, uso mweupe kwa chokaa, mifereji miwili ya machozi imepita katikati.

"Nilikosea namba yako."

"Hukukosea. Uliandika ya mtu wa kawaida."

"Wewe ya kwako haimo kitabuni. Itabidi nikupime mwenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Mrefu. Duru nyingi. Na maabara yangu haiwezi kuhamia Keelung."

Bo-han akafikiri, mtu wa maneno machache. "Keelung kunanyesha sana," akasema. "Mshono hautaki maji." Akamfuta chokaa kwenye nyusi kwa dole gumba, mbele ya Profesa, mbele ya mafundi, mbele ya Su-chin. Su-chin akajifanya anatafuta miwani yangu. Ilikuwa usoni kwangu.

Nyumbani, jioni, Su-chin anaviringisha vidonge vya unga, vyekundu na vyeupe, mie namenya tangawizi. Nikamchokoza.

"Kiazi cha nini?"

Akaviringisha vitatu vinne kabla hajajibu. "Maduka saba, Baba. La nne walikuwa nayo, nikasema chukua twende. Akaigeuza. 'Mama, tarehe imepita juzi.' Nikamwambia nani ataona? Akasema, 'Wan-ju ataona.' Tukaondoka."

"Hiyo ni pakiti. Nimekuuliza kiazi."

"Tulipokuwa tumesimama kwenye taa za barabarani nikamuona kwenye kioo cha pikipiki, macho yanamchuruzika. Nikamuuliza, upepo? Akakataa kusema. Nikamwambia mie nimezaliwa na mchomeleaji, usinidanganye. Kumbe ule mshono kaukwangua kaurudia mara tatu, kwa kitundu kama ncha ya sindano ambacho hakuna mtu angekiona. Ndio ukamuunguza macho." Akachota unga mwingine. "Baba, unakumbuka mama alivyokuwa anakukatia kiazi, anakuwekea vipande machoni, nawe unaugulia? Mie ndiye niliyekuwa nimeshika bakuli. Nilikuwa na miaka mitano. Nikaapa mtoto wangu hatashika bakuli hilo."

Basi ile *ndiyo maana* yake haikuwa ya kunionea haya. Miezi minne nimebeba mwiba wa bure.

"Na sasa?"

"Sasa nimemnunulia kiazi mwenyewe," akasema kwa hasira, akaponda kidonge kizima kwenye meza. "Nifanyeje? Na miwani nitampimia. Ile anayovaa kazini ni takataka."

Mlango ukasikika. Wan-ju kaingia, kavua viatu, kakimbilia jikoni kumkumbatia mama yake na unga wake. Bo-han kabaki kizingitini, viatu mkononi kama kawaida yake, anasubiri lile neno lake moja.

Su-chin akatoka na upawa. Akamtazama, safari hii machoni, lile la kulia, kisha la kushoto, kama anavyowatazama wateja.

"Umeshakula?"

Bwana we! Wan-ju aliacha kupumua. Adabu yetu unajibu *nimeshakula, asante*, hata kama tumbo limeshikana na mgongo. Bo-han hakuwa amejiandaa. Miezi minne alijiandaa kwa swali lisilokuja.

"Bado, Mama," akasema, na sauti ikatetemeka.

"Sasa unasimamia nini hapo? Weka viatu chini. Ukimaliza kula unalala chali kwenye kochi, nakuwekea kiazi. Wan-ju, mwenzio hana bakuli! Baba, hiyo pakiti weka kabatini, usiiguse!"

Nikaiweka. Iko pale mpaka leo, kila mwaka naibadilisha kabla ya tarehe. Su-chin akapakua, vyekundu na vyeupe, supu ya tangawizi inafuka moshi, bakuli la kwanza akampa mgeni. Wan-ju akasogeza kiti chake, goti likagusana na goti. Mie nikavuta changu, Su-chin akavua aproni akavuta chake, na sote wanne tukakaa, tukala, tukaongeza mwaka.